Usimuulize Restuta Habari

Wajukuu zangu mnaoanza kazi ya udadisi, nimeambiwa mnataka niwape neno. Neno ninalo, ila si la semina. Semina zina soda na kalamu za bure, mkitoka mlangoni mmeshasahau. Nawaandikia nikiwa kwangu Mazwi, hapa Sumbawanga mjini, nimejifunga blanketi kiunoni maana upepo wa Ufipa hauheshimu wazee, na nitarukaruka kama panzi. Anayetaka mambo yapangwe kwa mwaka na mwezi akasome ripoti, zipo kabatini zimejaa vumbi.

Kwa wasionijua, mimi ni Atuganile, Bibi Atu, Mnyakyusa niliyeletwa Sumbawanga na ajira nikiwa msichana, nikaolewa hapa, nikazeekea hapa. Kazi yangu ilikuwa kupita kaya kwa kaya na dodoso, kuuliza watu mambo ya afya zao. Nimeuliza vyoo, nimeuliza vyandarua, nimeuliza uzazi wa mpango mpaka wanaume wakakimbilia shamba. Lakini kazi niliyoipenda kuliko zote ni ule utafiti wa afya za watu wenye ulemavu wa akili, na wale ambao ukuaji wao ulichelewa tangu utotoni. Wenzangu walikuwa wananiambia, Atu, hao nao utawauliza nini? Mdomo wangu haujawahi kuwa na breki. Niliwajibu kwamba nitawauliza yale yale ninayowauliza ninyi, tena watanidanganya kidogo kuliko ninyi. Hilo la mwisho halikuwa kweli sana, mtaona.

Kwanza, kuwapata. Mtafika kaya mtaambiwa hapa hatuna mtu wa namna hiyo. Msibishane. Kaeni, ombeni maji ya kunywa, mtazame kamba ya nguo. Ukiona gauni la mtu mzima na wanawake wote waliojitokeza hawaenei kwenye gauni lile, subiri, atatoka. Na akitoka msimwangalie mzazi kwa jicho la lawama. Wengi walikuwa wanaficha kwa mapenzi, wanaogopa mtoto wao achekwe na wageni wenye kalamu. Wengine hawakuficha kabisa. Kuna mzee mmoja wa Kisukuma, mfugaji aliyehamia huku na ng'ombe wake, nilipomwomba anitajie watoto wake alianza na kijana aliyekuwa na ulemavu, wala hakuwa wa kwanza kuzaliwa. Akasema huyu ndiye anayewajua ng'ombe wangu wote kwa sura, wale niliowasomesha wanajua simu tu. Nilimpenda mzee yule papo hapo.

Sasa niwaambie kosa letu kubwa, maana nasikia na ninyi mnataka kulirudia kwenye hivyo vishikwambi vyenu.

Msimamizi wetu alikuwa Mzee Sikazwe, mwalimu mstaafu wa watoto wenye mahitaji maalumu, Mfipa wa kuzaliwa, mpole mpaka anakera. Kwa Wafipa salamu ni kazi kamili. Mtu anachuchumaa, anapiga makofi taratibu, anauliza nyumba, anauliza watoto, anauliza shamba, na wewe unajibu huku unapiga makofi yako. Nilikuwa namtania kwamba yeye angesalimia hata mbuzi. Basi kwa heshima hiyo hiyo tukakaa sote, tukatunga dodoso, na swali la kwanza tukaliandika vizuri kabisa: Habari ya afya yako?

Tukazunguka uwanda mzima na swali hilo. Majibu yakaja: nzuri, nzuri, nzuri. Yalipojumlishwa, ikaonekana watu wenye ulemavu wa akili wa Ufipa hawaumwi kitu. Hawana meno mabovu, hawana minyoo, hawajui kikohozi. Mzee Sikazwe, ambaye alikuwa na presha na sukari vyote viwili, akasema kwa upole wake kwamba basi na yeye aandikwe huko.

Mnacheka, lakini fikirini. Sisi tukiulizwa habari tunajibu nzuri hata nyumba inaungua. Mtu amefiwa alfajiri, unamuuliza habari za nyumbani, anasema nzuri, ila tumefiwa. Kilio chote kiko kwenye hilo "ila". Sasa huyu mwenye ulemavu wa akili, mama yake alimfundisha tangu mdogo, kwa subira, kwamba ukiulizwa habari sema nzuri. Akasema, akapigiwa makofi, akasifiwa ukoo mzima. Pengine ndilo jambo la kwanza alilowahi kusifiwa maishani. Akalishika kwa mikono miwili. Hilo "ila" hakuna aliyemfundisha.

Tena kuna ndugu yetu wa ndiyo. Huyu tulimkuta Kipili, kwenye mwalo wa Ziwa Tanganyika, akisaidia kuvuta mitumbwi na kupanga samaki, migebuka. Kila swali, ndiyo. Unaumwa kichwa? Ndiyo. Huumwi kichwa? Ndiyo. Mzee Sikazwe akamtazama, akamuuliza taratibu kama yeye ni askofu. Ndiyo. Kama ana tembo nyumbani. Ndiyo. Kama huyu mama Mnyakyusa ni mwizi wa samaki. Ndiyo! Wavuvi walicheka mpaka wakaacha kamba, na yeye ndiye aliyecheka kuliko wote. Mpaka leo sijui kama alikuwa anatujibu au anatuchezea. Ila tangu siku hiyo tulijifunza kuuliza swali moja kwa sura mbili, na kumpa mtu vitu viwili achague badala ya kumtaka akubali au akatae.

Nimewazungusha vya kutosha. Niwapeleke kwa Restuta.

Restuta alikuwa mwanamke wa rika la mwanangu wa kwanza, mnene wa kupendeza, na sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Alizaliwa na ulemavu wa akili. Aliishi kijiji kimoja cha uwandani, nje kidogo ya mji, na mama yake ambaye wote tulimwita Mama Gaudensi, pamoja na kaka yake huyo Gaudensi, mwendesha bodaboda mwenye mke na mtoto mchanga. Mara ya kwanza nilifika wakati wa baridi kali. Restuta akatoka mbio, akachuchumaa, akanipigia makofi ya heshima kuliko wote pale. Nikamuuliza habari ya afya. Akajibu nzuri, kwa sauti ile, mpaka kuku wakakimbia. Alikuwa amejitanda kitenge kichwani mpaka mashavuni, lakini mwezi huo nani Ufipa hajajitanda? Hata mimi nilikuwa nimevaa sweta juu ya sweta.

Mama yake ndiye aliyenieleza kwamba siku hizi amebadilika. Anatupa vitu. Anagonga kichwa ukutani. Aliwahi kumng'ata shangazi yake aliyetaka kumwosha uso. Majirani walisema ndivyo walivyo, wakikua wanazidi. Nikaandika kwamba tabia imebadilika na afya nzuri, nikaaga.

Niliporudi kwa mzunguko wa pili ilikuwa ni kabla ya mvua, jua linachoma, ardhi imekauka, watu wanatengeneza mbegu. Sebuleni mezani nikaona komeo jipya la chuma, bado liko kwenye nailoni yake. Uani palikuwa na chumba kimepakwa chokaa, ndani godoro jipya na shuka ya maua. Nikafurahi, nikadhani Restuta anapewa chumba chake. Kisha nikaona alama za penseli mlangoni, mahali komeo litakapokaa. Zilikuwa upande wa nje.

Gaudensi alinisalimia shikamoo kwa kuchuchumaa, hakuficha kitu. Komeo alilinunua madukani Majengo, fundi anakuja Jumamosi. Wiki iliyopita walimpa dada yake maharage ya moto, akarusha sufuria, likapita karibu na kichwa cha mtoto. Aliongea akiangalia chini.

"Mama, nikimfungia, nimemfungia dada yangu aliyenibeba mgongoni. Nisipomfungia, mwanangu ataungua. Niambie wewe uliyezunguka kote huko, nifanye nini?"

Mimi mwenye mdomo usio na breki, siku hiyo breki zilishika. Nilimwonea huruma, nikamwonea na hasira, nikaionea haya hasira yangu. Mtu aliyenunua godoro na shuka ya maua hakuwa mkatili. Alikuwa amefika mwisho wa akili yake, na Jumamosi ilikuwa keshokutwa.

Mzee Sikazwe alikuwa na msemo wake: ukikosa swali, omba kazi. Mama Gaudensi na Restuta walikuwa wamekaa kwenye mkeka wakimenya karanga za mbegu. Nikavua viatu, nikakaa nao, nikaweka dodoso chini ya mkoba. Hili nalo mlishike. Mtu akiwa anaulizwa anajitengeneza. Mtu akiwa anafanya kazi yake anabaki alivyo, na wewe ukiwa umeshika kazi ile ile anakusahau kidogo.

Tukamenya. Sasa mnajua karanga. Hakuna binadamu anayemenya karanga asile. Mama Gaudensi alikuwa anakula huku anatukataza tusile mbegu. Mimi nilikuwa nakula kwa siri, najifanya nakohoa. Restuta alikuwa anamenya upesi kuliko sisi wote, ungo wake umejaa, na hakutia hata moja mdomoni. Nikamtilia chache kiganjani, nikamwambia kula hizi, mama haoni. Akazinusa. Akatabasamu kwa namna iliyoniumiza moyo, akazirudisha kwenye ungo.

Mama yake akasema siku hizi ndivyo, na zamani karanga ilibidi zifichwe juu ya dari kwa ajili yake.

Ndipo nikamtazama vizuri. Jua lile, sisi wote vichwa wazi, yeye bado amejitanda kitenge kile kile mpaka mashavuni. Wakati wa baridi hakuna aliyekiona kwa sababu kila mtu alikuwa nacho. Joto lilikuja, sisi tukavua, yeye hakuvua, na nyumba nzima ilikuwa imeshazoea.

Nikataka kumuuliza kama anaumwa, nikajizuia, maana jibu nilikuwa nalijua. Badala yake nikafungua mdomo wangu mwenyewe. Nikamwonyesha pengo langu la nyuma, nikamwambia hapa palikuwa na jino, liliniuma hilo, liliniuma mpaka siku moja nikamrushia mume wangu kikombe cha chai. Chai ya moto! Restuta akaacha kumenya. Akachungulia pengo. Akacheka sana, kwa sababu ya huyo mume na kikombe. Kisha akaushika mkono wangu uliojaa vumbi la karanga, akauingiza chini ya kitenge, kwenye shavu lake.

"Hapa pana moto," akasema.

Shavu lilikuwa limevimba na linachoma kama chungu. Mama Gaudensi akakiondoa kitenge, akaona, akaanza kujipiga kifuani akisema mwanangu, mwanangu, mimi nalala naye chumba kimoja. Nilimshika mikono. Nilikuwa nalia na mimi, sioni sababu ya kuwaficha.

Gaudensi hakusubiri Jumamosi. Tulipanda mshikaki kwenye pikipiki yake, yeye mbele, Restuta katikati, mimi nyuma nimeshika sketi kwa mkono mmoja na kumshika Restuta kwa mwingine. Tulipofika mjini tukapita vichochoro kukwepa trafiki, mtu mzima mimi na heshima zangu. Restuta aliwapungia mkono watu wote wa njiani.

Daktari wa meno alikuwa kijana. Akamwambia karibu dada, habari yako? Restuta akajibu nzuri, jengo zima likasikia. Daktari akanitazama mimi. Nikamwambia baba, huyo usimuulize habari, mwonyeshe. Na yule kijana, Mungu ambariki alipo, hakuniona mshamba. Alichuchumaa mbele ya kiti, akampa Restuta tochi yake, akafungua mdomo yeye kwanza. Restuta akamulika ndani, akakagua jino kwa jino kama anachagua nyanya sokoni. Akaridhika. Akamrudishia tochi na kufungua mdomo wake. Muda wote huo alikuwa ameshika kidole gumba cha kaka yake.

Jino lilikuwa limeoza muda mrefu, usaha umeingia kwenye taya na unaelekea shingoni. Daktari alisema wangekaa nalo kidogo tena, wangemzika. Gaudensi aliegemea ukuta, akalia bila kujificha. Akasema sisi tulikuwa tunampa dada vya moto. Alikuwa anaturudishia maumivu yetu na sisi tunasema amezidi.

Restuta akalazwa, akatolewa usaha, akang'olewa jino, akapona. Kutupa vitu kukaisha. Kung'ata kukaisha. Swali letu la kwanza tukalifuta, na tukapigana na wakubwa wa mradi mpaka wakakubali kwamba mdadisi akae kwenye kaya nusu siku, afanye kazi ya kaya, na kwamba aulizwe mtu mwenyewe kwanza, mwili wake kiungo kwa kiungo, kwa kuonyesha na kushika, mzazi afuate. Walilalamika kwamba ni ghali na inachelewesha. Nikawaambia ya haraka tumeshaifanya, ilitupa watu wasioumwa.

Lakini sijamaliza. Nilirudi pale baada ya mavuno, safari hiyo si kwa kazi, nilikwenda kusalimia tu, na sukari yangu mkononi. Komeo nililiona mlangoni, mlango wa banda la kuku. Chumba cha uani amehamia Gaudensi na mkewe. Restuta akatoka kichwa wazi, akachuchumaa, akapiga makofi. Na mimi, baada ya mafunzo yote hayo, ulimi ukateleza kwa mazoea. Nikamuuliza habari za siku nyingi.

Akafikiri. Akasema, "Nzuri. Ila kidole kinauma." Akaninyooshea mguu, kidole cha mwisho kilikuwa na mwiba.

Jamani, nimefanya kazi maisha yangu yote, sijawahi kupewa jibu tamu kama lile. Hilo "ila" hatukumfundisha sisi. Aliokota mwenyewe, siku ile mtu aliposhika shavu lake na dunia ikasimama kumsikiliza. Tukamtoa mwiba, tukacheka, chai ikaletwa.

Nikamgeukia Mama Gaudensi, nikamuuliza na wewe dada, habari za afya? Akajibu kama tunavyojibu wote. Nzuri tu, tunamshukuru Mungu.

Restuta alikuwa anakula karanga. Akaacha. Akamtazama mama yake kwa uso ambao sikuwahi kuuona kwake, uso wa mtu mkubwa. Akainuka, akaenda kupiga magoti karibu naye, akaweka kiganja chini ya titi la kushoto la mama yake, juu ya kanga.

"Mama muongo," akasema. "Hapa pana moto."

Mama Gaudensi akacheka, akajaribu kuutoa mkono ule. Haukutoka. Akajaribu tena, na kicheko kikakatika, na machozi yakaanza kumshuka bila sauti. Alikuwa na uvimbe pale. Alikuwa nao tangu kabla ya jino la Restuta, akaona kwanza mtoto, kisha mavuno, kisha mjukuu. Hakuna aliyejua isipokuwa yule aliyelala naye chumba kimoja, ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza chochote kuhusu mtu mwingine. Msiogope, Mama Gaudensi yupo hai, na karanga za mwaka huu ameshaniletea. Uvimbe ulitolewa kabla haujasambaa.

Ila siku ile hatukujua hivyo. Gaudensi alitoka, tukasikia pikipiki inawaka. Mama akapanda katikati, Restuta akapanda nyuma, akamkumbatia mama yake kiunoni. Mimi nikafuata kwa bodaboda nyingine. Niliwakuta wamekaa kwenye benchi, zamu yao imefika. Muuguzi, mama mwenye sura nzuri, akainama akauliza kwa heshima zote, habari ya afya, mama?

Mama Gaudensi akafungua mdomo kujibu. Restuta akauziba kwa kiganja.